Unataka kupitia upya muhtasari (silabasi) wa kompyuta sekondari? Anza na mtihani

Walimu wenzangu wa kompyuta, hii ni kwa wale mliopewa kazi mkae mpitie upya mada za somo letu. Najua mtu akishapewa hiyo kazi anafungua muhtasari mada ya kwanza anaanza kukata na kuongeza, na hapo ndo mambo yanapoharibika. Chukua kwanza mitihani yenu ya ndani ya miaka mitatu, soma swali moja moja, pembeni andika K kama mtoto anajibu kwa kukariri, T kama lazima atende au afikiri. Halafu hesabu. Nilishakaa na mwanafunzi kapata 78 kwenye nadharia, nikamwambia hifadhi hii kazi kwenye flashi, akabaki ananiangalia. Roho iliniuma sana kwa sababu mtihani ule niliutunga mimi.

Muhtasari wa TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, huwezi kuugusa, hilo lieleweke, hata huu mpya. Ila azimio la kazi, yaani mpango wako wa kufundisha mada kwa mwaka, ni lako, majaribio ni yako, na alama za upimaji endelevu, zile 30 zinazoungana na 70 za Baraza la Mitihani, nyingine zinaanzia mikononi mwako, kwa hiyo nafasi ipo kubwa tu.

Ukishahesabu, tunga maswali mapya KABLA ya kugusa mada. Mfano Excel. Swali la zamani: eleza maana ya lahajedwali na taja faida nne. Badala yake mpe mtoto faili la mauzo ya maandazi ya duka la shule, mistari 40, na kwenye seli moja umeandika 12OO yaani zile sifuri mbili ni herufi O. Mwambie atafute jumla kwa SUM, fomula ya kujumlisha, halafu aseme kama anaiamini. SUM itairuka ile seli kimya kimya bila kulalamika, jumla itatoka pungufu, na mtoto makini ataona namba zote zimekaa kulia ila hiyo moja imeegemea kushoto. Alama 10: kuiona seli 3, kurekebisha 1, fomula 2, kueleza kwa maneno yake kwa nini jumla ilikuwa pungufu 4. Maelezo nimeyapa alama nyingi makusudi maana fomula anaweza kuchungulia kwa jirani.

Sasa ndo urudi kwenye mada. Kila mada jiulize inalisha swali gani, isiyolisha chochote ipunguze. Historia na vizazi vya kompyuta kwangu ni kipindi kimoja kinatosha, flopi, ile diski ya zamani ya MB 1.44, itaje upite. Muda uliookoa peleka kwenye programu na usalama wa data, nywila, meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii", maana hayo mtoto anakutana nayo kwenye simu ya mama yake kila siku.

Halafu mashine. Una wanafunzi 45 na kompyuta 12, hiyo ni awamu nne, kipindi dabo ni dakika 80, maana yake kila mtoto ana dakika 20 na si zaidi. Kwa hiyo zoezi la vitendo litungwe la dakika 15 ili umeme ukizingua uwe na pa kupumulia, na wanaosubiri wape msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye karatasi wafuatilie mstari kwa mstari thamani ya x inabadilikaje, hiyo haihitaji umeme wala nini.

Jedwali la utahini, lile linaloonyesha kila mada na kila aina ya swali inapata alama ngapi, chora baada ya hayo yote. Kwenye alama 100 mimi sizidishi 20 za kukumbuka tupu.

Kazi mradi nazo watoto wananakili, wengine wanafanyiwa na kaka zao au na akili mnemba. Dawa yake ni dakika tatu tu, mwite, fungua kazi yake, mwambie badilisha hiki mbele yangu. Aliyefanya mwenyewe anajua pa kugusa.

Mwisho kabisa mpe mwalimu mwingine asahihishe karatasi tano zile zile ulizosahihisha wewe bila kuona alama zako. Mkitofautiana sana basi mwongozo wa usahihishaji ndo wenye shida, urekebisheni kwanza, halafu mkitaka kupeleka maoni TET ambatanisheni swali, mwongozo na kazi halisi za watoto, nzuri moja na mbovu moja.