Uko Marekani na umekunywa? Soma hii kabla hujashika funguo

Ndugu zangu mlioko Marekani, wikendi zetu tunazijua, harusi, sendofu, ubatizo, nyama choma nyuma ya nyumba ya mtu, ikifika saa nane usiku kila mmoja anatafuta funguo zake. Wengi tumekulia sehemu ambazo ukishikwa na trafiki unaongea naye mnamalizana. Hapa usijaribu kabisa, kumpa polisi hela ni kosa zito kuliko hilo la pombe, na wengi wao wana kamera kifuani inarekodi kila neno.

Tuanze na kiwango. Karibu majimbo yote ni asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu, Utah ni 0.05 tangu mwisho wa 2018. Kama hujafika miaka 21 ni sifuri au karibu na sifuri, kila jimbo. Ukiwa kwenye lori linalotaka CDL, yaani leseni ya magari makubwa ya kibiashara, ni 0.04. Hata ukiwa chini ya 0.08 bado unaweza kushtakiwa kama polisi ameona unayumba, na bangi nayo imo, hata kwenye jimbo ambalo inauzwa dukani. Kuna wanaoita DUI, wengine DWI au OWI, kesi ni ileile ya kuendesha ukiwa umelewa.

Sasa hesabu, maana hapa ndo watu wengi wanaumia. Kinywaji kimoja kwa hesabu ya Marekani ni bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, au waini kama mililita 148, au shoti moja ya mililita 44 ya kitu kikali. Kwenye sherehe zetu nani anapima? Mtu anamiminiwa wiski nusu glasi anasema nimekunywa moja. Na mwili unapunguza pombe taratibu sana, kama 0.015 kwa saa, basi, kahawa haisaidii, kuoga maji baridi hakusaidii, supu ya mbuzi haisaidii. Kwa hiyo ukiacha kunywa saa nane usiku ukiwa 0.15, saa moja asubuhi bado una 0.075 hivi. Umelala, umepiga mswaki, unajisikia poa, unapanda trela uende kazini na uko karibu mara mbili ya kiwango cha dereva wa lori. Madereva wenzangu hili naomba mlishike sana, kwa sababu DUI ya kwanza inaondoa CDL mwaka mzima hata kama ulikuwa kwenye gari lako dogo siku yako ya mapumziko, na ya pili inaondoa maisha yote.

Kulala ndani ya gari nako sio salama vile watu wanavyofikiri. Majimbo mengi yanasema ukiwa umekaa siti ya dereva na funguo unazo, unahesabiwa wewe ndo unayeliongoza gari wakati huo na unaweza kushtakiwa, hata kama injini imezimwa. Lala kwa mwenyeji, sebuleni, chini, popote. Au ita Uber, hata ikisoma dola 60 lipa, wakili peke yake ni maelfu. Na nyie wenyeji kusanyeni funguo mapema kabla watu hawajachangamka, ikifika usiku wa manane hakuna anayekubali kwamba amelewa.

Ukisimamishwa: washa indiketa, paki kulia, washa taa ya ndani, mikono kwenye usukani. Toa leseni, kadi ya gari na bima. Ukiulizwa umekunywa ngapi hulazimiki kujibu, sema kwa heshima kwamba ungependa kutojibu bila wakili, ila usidanganye. Vile vipimo vya barabarani, kufuata kalamu kwa macho, kutembea hatua tisa kisigino kwa kidole, kusimama mguu mmoja, majimbo mengi unaweza kukataa. Lakini kipimo cha kupuliza au cha damu baada ya kukamatwa ni kitu kingine kabisa, ulishakubali siku unachukua leseni. Ukikataa, California unapoteza leseni mwaka mmoja, Texas siku 180, Minnesota kukataa kwenyewe ni kosa la jinai. Na kama Kiingereza kinakupita sema hujaelewa, omba mkalimani. Sisi tuna tabia ya kuitikia yes yes kwa heshima hata pale hatujaelewa, na hiyo yes inaandikwa.

Ukishakamatwa una kesi mbili, sio moja. Ya mahakamani utapewa tarehe. Ya leseni lazima uiombe mwenyewe, California una siku 10 tu za kuomba kusikilizwa, Texas 15, na watu wengi wanakaa wanasubiri tarehe ya korti huku siku zimeshapita. Kwa mfano California kosa la kwanza faini ni dola 390 mpaka 1,000, ila wakishaongeza ada zao inapanda mara kadhaa, jela inaweza kufika miezi sita, leseni inasimamishwa miezi sita, darasa la pombe la miezi mitatu, na bima inapanda kwa miaka. Ukiwa na mtoto kwenye gari ndo mbaya zaidi, New York mtoto wa chini ya miaka 16 akiwemo inakuwa kosa kubwa la jinai hata kama ni mara yako ya kwanza.

Halafu kuna ya tatu, makaratasi. Mwenye viza, tangu 2015 viza inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu, hata kabla hakimu hajasema lolote. Mwenye grini kadi, DUI moja ya kawaida peke yake mara nyingi haimfukuzishi mtu, lakini ikiwa na dawa za kulevya au mtoto ndani ya gari hali inabadilika, na zikiwa mbili uhamiaji wanaweza kusema huna tabia njema, uraia ukakwama. Asiye na makaratasi, alama za vidole zikichukuliwa jela uhamiaji wanaziona. Kwa hiyo usikubali kosa ili yaishe haraka. Tangu 2010 Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukwambia kukubali kosa kutafanya nini kwenye uhamiaji wako, hata yule unayepewa bure na serikali. Muulize waziwazi, na kama anababaika tafuta wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote.

Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, na jibu ni ndiyo hata kesi ikiwa ilifutwa. Siku kesi ikiisha nenda kwa karani wa mahakama uombe nakala yenye mhuri inayoonyesha iliishaje, chukua mbili, weka pamoja na pasipoti.