Namna ya kujenga ushirika wa wakulima wa mwani Pemba unaoweza kujiendesha

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Si siri kwamba baadhi ya vikundi vyao viliundwa kwa kusubiri msaada, vikafa msaada uliposita. Kikundi kinachodumu huanzishwa kwa sababu ipo kazi ambayo mtu mmoja haiwezi, na kazi hiyo ndiyo inayopaswa kutafutwa kabla ya jina, muhuri na fulana. Maelezo yanayofuata yanawahusu wakulima wenyewe, masheha (viongozi wa serikali wa mtaa au kijiji), na mabibi shamba na mabwana shamba wanaowahudumia.

Kusimika vigingi, kutandaza kamba na kufunga mbegu kwa taitai (vikamba vidogo) ni kazi ambazo mkulima anazimudu pamoja na watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba shamba libaki la mtu binafsi, kwa kuwa shamba la pamoja huzaa ugomvi wa nani alishuka pwani na nani alilala. Yanayofaa kushirikiana ni yale yanayokuja baada ya mavuno, yaani kuanika, kuhifadhi, kupima na kuuza. Mwani ulioanikwa mchangani huokota mchanga na takataka, nao ukinyeshewa na mvua za masika huharibika upesi. Jengeni chaga za miti zilizoinuka kutoka ardhini, nunueni turubai kubwa la kufunikia, kisha tafuteni banda kavu la kuwekea magunia, hata likiwa la kuazima.

Baada ya hapo inunuliwe mizani. Kikundi kipime mwani wa kila mwanachama kabla mnunuzi hajafika, na uzito uandikwe mahali pawili: katika daftari la kikundi na katika kijitabu cha mwanachama mwenyewe. Daftari lionyeshe jina, tarehe, aina ya mwani (spinosum au cottonii, kwa kuwa bei zake hazilingani), kilo, bei na makato. Katika kila mkutano mtu asiyekuwa katibu asome hesabu hizo kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asikie jina lake na kilo zake. Kikundi ambacho hakijaweza kufanya hivi kwa msimu mmoja hakijawa tayari kupokea mkopo, na afisa anayekisukuma kukopa anakitia hasarani.

Akiba ianze kwa hisa ndogo ambazo mwanachama maskini kuliko wote anazimudu. Utaratibu wa sanduku lenye kufuli tatu unafaa, maadamu funguo zinashikwa na wanachama watatu wasiotoka nyumba moja na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Suala la riba lisifichwe. Pemba wapo wanawake wengi ambao watajitoa kimyakimya wakisikia kwamba mkopo unarudishwa na ziada, na kuwaita wagumu wa kuelewa ni kukosa adabu na kukosa akili ya biashara pia. Kikundi kinaweza kukopeshana bila ziada, gharama za madaftari zikalipwa kwa mchango sawa wa kila mwezi. Au kinaweza kutumia akiba kununulia kamba kwa jumla, kikawauzia wanachama kwa faida iliyotajwa wazi, na faida hiyo ikagawanywa kwa hisa. Benki ya Watu wa Zanzibar inatoa huduma za kibenki za Kiislamu, hivyo akaunti nayo haina haja ya kuwa kikwazo.

Usajili hauna mengi. Andikeni katiba fupi mnayoielewa, chagueni mwenyekiti, katibu na mshika fedha, chukueni barua ya sheha, kisha mwoneni afisa ushirika wa wilaya kwa masharti yaliyobaki.

Mafunzo ndiyo hupotea bure zaidi, na mara nyingi kosa ni la kalenda. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wakulima wako baharini, kwa hiyo mafunzo yapangwe siku za maji mafu, yaani yasipokupwa sana, baada ya sala ya alasiri, na yasigongane na mchumo wa karafuu wala mwezi wa Ramadhani. Yafanyike kwa mtindo wa skuli ya wakulima, pwani, juu ya jambo linalowasumbua wenyewe. Katika miezi ya kaskazi maji ya kina kifupi hupata joto kali, matawi ya mwani huwa meupe na kukatika, na cottonii huathirika kuliko spinosum. Wanachama wapande kamba chache katika kina kifupi na chache katika kina kirefu, wapime ukuaji baada ya kila bamvua, na wajadili walichokiona. Wakiamua kuhamia maji marefu, wafundishwe kwanza kuogelea na wapatiwe chombo na maboya ya kujiokolea. Mafunzo ya sabuni ya mwani nayo yana nafasi yake, lakini yaje baada ya kumpata mnunuzi wa sabuni.

Kila shehia iwe na wakulima wawezeshaji wawili, yaani wakulima wanaowatembelea na kuwafundisha wengine, waliochaguliwa na wenzao, ili mmoja akijifungua au akisafiri kazi isilale. Nauli na posho yao ziandikwe katika bajeti ya kikundi au ya mradi, na wasiguse fedha za wanachama hata siku moja. Bibi shamba akutane nao kila mwezi, apitie daftari lao la ziara na kujibu yaliyowashinda. Kumtaka mtu atembee vijiji vitatu kwa moyo wa kujitolea tu ni kumtwisha umaskini wa taasisi nzima.

Taasisi ziendewe kwa ombi mahsusi na hesabu mkononi. Utaalamu wa kilimo chenyewe uombwe kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, iliyoundwa mwaka 2020. Maswali ya mbegu na maradhi yapelekwe pia kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ubora wa sabuni na poda ya mwani ni wa Taasisi ya Viwango Zanzibar. Na mikopo iulizwe kwa Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Serikali ilichagua Chamanangwe, hapo hapo Pemba, kuwa mahali pa kiwanda cha kusarifu mwani, na kikundi kinachojua kinavuna kilo ngapi kila mwezi kitazungumza vizuri zaidi na mnunuzi yeyote, mkubwa au mdogo.

Linabaki suala la mnunuzi anayetoa kamba na mbegu bure kwa sharti la kuuziwa yeye peke yake. Msimkatae moja kwa moja, kwani mtaji wake unasaidia. Mwombeni aandike thamani ya vifaa, vilipwe kidogo kidogo katika kila mauzo, na deni likimalizika mkulima awe huru kuuza atakako. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama wote, uonyeshwe kwa afisa ushirika kabla ya kutiwa saini, na nakala moja iachwe kwa sheha.