Namna ya Kujadili Kocha Kijana Aliye Bora katika Mbio Ndefu za Vyuo vya Marekani

Kila Novemba, mashindano ya kitaifa ya mbio za nyika ya vyuo vikuu vya Marekani hukimbiwa Jumamosi asubuhi kwa saa za huko, na hapa Lamu wakati huo huangukia baina ya magharibi na isha. Sisi tunaoyafuata huketi Mkunguni, mbele ya Ngome, tukiitazama simu moja iliyoegemezwa kwenye dele la kahawa, na tukishasali isha mjadala huanza: ni kocha gani kijana anayewapita wenzake? Mimi ni mwalimu wa michezo, huwakimbiza wanafunzi kando ya bahari hadi Shela na kurudi, na mjadala huu naupenda kwa dhati. Nimeuona ukiharibika mara nyingi kwa sababu moja, nayo ni kwamba kila mtu huja na kipimo chake mfukoni na hakuna anayekitoa wenzake wakakiona.

Basi anzeni kwa kukubaliana maana ya "kijana". Napendekeza mhesabu miaka ya kazi badala ya miaka ya kuzaliwa, yaani kocha aliye ndani ya miaka 10 ya mwanzo tangu akabidhiwe wakimbiaji wa masafa marefu kwa dhamana yake mwenyewe. Katika vyuo vingi mkuu wa riadha husimamia pia warusha mikuki na warukaji, na anayeandika mazoezi ya mbio ndefu ni msaidizi ambaye jina lake halisikiki sana. Andy Powell alikuwa chini ya wakuu wengine pale Oregon katika miaka ambayo Edward Cheserek, kijana wa Kenya, alikuwa akikusanya mataji yake 17 ya kitaifa, na ni mwaka 2018 tu ndipo alipokwenda kuongoza riadha ya chuo cha Washington. Anayehesabu wakuu peke yao humpoteza kocha wa namna hiyo katika miaka ile ile anayopaswa kuzungumzwa.

Jambo la pili ni urithi. Siku ya mashindano ya mashua hapa kwetu, watu hubishana hadi usiku kama ushindi ni wa nahodha, wa fundi wa Matondoni aliyeiunda mashua, au wa upepo. Makocha nao waulizwe vivyo hivyo. Chuo cha Northern Arizona kilichukua ubingwa wa wanaume mwaka 2016 chini ya Eric Heins, kisha Mike Smith akaipokea timu na kushinda 2017 na 2018. Anayesema kwamba chombo kilikuwa kimeshaundwa kabla nahodha mpya hajapanda ana hoja, na asinyamazishwe. Lakini mwanafunzi hushindana chuoni miaka minne au mitano, kisha huondoka. Smith alipokuja kushinda ubingwa wa msimu wa 2020, uliokimbiwa Machi 2021 kwa sababu ya korona, kisha wa 2021 na wa 2022, kikosi kilikuwa kimeshabadilika na wakimbiaji wengi walikuwa ni wale waliomchagua yeye. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kocha kijana asivishwe taji kabla ya mwaka wake wa tano, na asihukumiwe kushindwa kabla ya mwaka huo pia. Urithi wa mahali nao utajwe: Flagstaff, kiliko chuo hicho, iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hakuna kocha aliyeuinua mlima huo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Usiku mmoja kijana wa Langoni alishikilia kwamba kocha bora ni yule ambaye mkimbiaji wake amefika wa kwanza. Nilimwomba muuza kahawa vikombe saba, nikavipanga sakafuni mstari mmoja, kisha nikakisogeza kikombe cha tano mbele kidogo.

"Mwalimu, mbona hicho umekitenga?" akauliza.

Nilimweleza kwamba katika mbio za nyika za vyuo kila timu huingiza wakimbiaji saba, nafasi za watano wa mwanzo hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wa sita na wa saba hawahesabiwi, ila wakimpita mshindani wa timu nyingine humwongezea mzigo wa pointi. Mkimbiaji wa kwanza huenda alisajiliwa akiwa ameshaiva, na huenda angeng'ara popote. Wa tano ni yule ambaye alikuja akiwa wa kawaida, hakuna gazeti lililomwandika, na siku ya mashindano amefika wa 40 badala ya wa 120. Nafasi hizo 80 ni kazi ya mikono ya mtu, na ndizo zinazoamua ubingwa. Kwa hiyo unapomtetea kocha, mtaje mkimbiaji wake wa tano kwa jina, useme alikuwa wapi miaka miwili kabla. Usipolijua jina hilo, hujawa tayari kumtetea.

Vikombe hivyo hivyo vitawaonyesha kwa nini mbio moja haitoshi kuwapanga makocha. Mwaka 2022, mjini Stillwater, wanaume wa Northern Arizona na wa Oklahoma State walilingana kwa pointi 83, ikabidi wakimbiaji watano wa kila timu walinganishwe mmoja kwa mmoja ndipo Northern Arizona ipewe ubingwa. Mwaka uliofuata wanawake wa NC State, yaani chuo cha North Carolina State, wanaofundishwa na Laurie Henes, walishinda kwa pointi 123 dhidi ya 124 za Northern Arizona. Pointi moja ni msichana mmoja katikati ya msafara, amechoka, anayemwachia mwenzake ampite hatua chache kabla ya mwisho. Nimewasikia watu wazima wakimwita kocha wa timu ya pili "aliyeshindwa" kwa tofauti ya namna hiyo, na huniuma, kwa sababu waliokaa miaka wakiijenga timu ile wanastahili macho ya haki zaidi.

Kuhusu muda wa saa sitakaa sana. Viatu vya siku hizi, vyenye povu jipya na bamba la kaboni, vimeshusha muda wa karibu kila mtu, na viwanja vya ndani havifanani: mzunguko wa ukumbi wa Washington ni mita 307, ilhali viwanja vingi vya ndani ni mita 200 na kona zake ni kali. Msilinganishe muda wa leo na wa miaka 15 iliyopita mkadhani mmepima makocha. Mnachoweza kulinganisha kwa haki ni mtu na nafsi yake mahali pamoja. Doris Lemngole wa Alabama alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji katika fainali ya vyuo mjini Eugene mwaka 2024 kwa dakika 9 na sekunde 15, akarudi 2025 katika uwanja ule ule akashinda kwa dakika 8 na sekunde 58. Hakuna mwanamke wa vyuo aliyekuwa amewahi kushuka chini ya dakika 9. Hiyo ndiyo aina ya ushahidi wa kuletwa barazani.

Uhamisho uulizwe pia, kwa sababu siku hizi mwanariadha anaweza kuhama chuo bila kukaa mwaka mzima nje ya mashindano. Kuhama si kosa la mtu, ila kati ya watano wanaohesabiwa semeni ni wangapi walilelewa pale na ni wangapi walikuja wakiwa tayari, na kama waliokuja waliongezeka kasi au walibaki walipokuwa.

Limebaki suala la afya, ambalo wengi hulipita haraka na mimi sitakubali kulipita. Binti mmoja niliyemfundisha alipata ufadhili wa masomo katika chuo ambacho sitakitaja. Kocha wake alikuwa kijana, msifiwa, mwenye matokeo mazuri. Kila Jumatatu wasichana walipimwa uzito mbele ya wenzao, na uzito ukasomwa kwa sauti. Binti alianza kuacha chakula cha jioni, hedhi ikakatika miezi saba, na majira ya machipuko daktari akamwonyesha ufa katika mfupa wa muundi. Alinipigia simu alfajiri yetu, akaniambia, "Mwalimu, nimepewa viatu jozi nne, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekula." Msichana anayekimbia sana na kula kidogo hupoteza hedhi, na mifupa yake hudhoofika. Hili linajulikana vizuri, na kocha anayelipwa hana udhuru wa kutolijua.

Tangu hapo nina kipimo kimoja ambacho nakiweka juu ya mataji. Chukua karatasi. Tafuta matokeo ya timu ya kocha unayemtetea kutoka miaka mitatu iliyopita, kwani orodha hizo kwa kawaida huonyesha jina na mwaka wa masomo wa kila mkimbiaji. Andika majina ya wote waliokuwa mwaka wa kwanza. Kisha fungua matokeo ya msimu huu na utafute jina moja baada ya jingine. Ukikuta wengi bado wanakimbia, na wanakimbia vizuri kuliko walivyoingia, kocha huyo ana hoja kubwa hata kama hana kombe. Ukikuta wametoweka, uliza walikwenda wapi kabla ya kumsifu.

Mkinidai kura yangu ya makocha wa muongo huu, nitampa Diljeet Taylor. Alitoka chuo kidogo cha Menlo, California, akaanza kazi BYU, yaani chuo cha Brigham Young kilichoko Utah, mwaka 2016, akashinda ubingwa wa wanawake wa msimu wa 2020, kisha akashinda tena mjini Madison mwaka 2024. Kati ya mataji hayo mawili kuna muda wa kutosha kwa kikosi kuondoka na kingine kulelewa, na hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta. Kijana wa Langoni bado anamshikilia Mike Smith, na sikumkataza. Nimemwambia Novemba hii aje na karatasi yake ya majina ya mwaka wa kwanza, nami nije na yangu, tuyasome moja moja kabla dele halijazunguka mara ya pili.