Umehamia katikati ya Dar es Salaam? Hivi ndivyo unavyoingia kwenye shughuli za mtaa

Kuanzia Kariakoo na Gerezani hadi Kisutu na Upanga, mtaa una watu wa aina mbili: wanaolala pale na wanaoshinda pale. Jioni maduka yakifungwa hubaki walinzi, mama lishe wanaosuuza sufuria, na wakazi wa ghorofani ambao huenda hata majina hawajuani. Mgeni anaweza kumaliza mwaka mzima akiamini kwamba mjini hakuna shughuli za kijamii. Zipo, tena nyingi, ila habari zake hupita kwa mdomo na humfikia anayejulikana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujulikana, na njia ya haraka kuliko zote ni kushika kazi kabla ya kushika pochi. Aliyetoa elfu hamsini huandikwa daftarini basi. Aliyebeba viti na kuvirudisha huitwa tena mwezi ujao.

Ofisi ya serikali ya mtaa

Anzia hapa, hata kama umepanga chumba kimoja. Kuna watu wawili wa kuwaona, na kazi zao hazifanani. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi (uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024); yeye ndiye anayejua watu na ndiye anayeongoza mikutano. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa na halmashauri. Kwake kuna daftari la wakazi, barua na mhuri. Mtendaji utampata saa za kazi. Wenyeviti wengi wana shughuli zao nyingine mchana, kwa hiyo pata namba ya mwenyekiti wako kwa mtendaji na umfuate jioni.

Nenda na kitambulisho cha NIDA au namba yake, picha mbili ndogo, jina la mwenye nyumba na namba ya nyumba iliyoandikwa kwenye kibao cha anwani ya makazi. Usipeleke maelezo marefu. Piga hodi, amkia, kisha sema: “Mheshimiwa, nimehamia nyumba namba fulani kwa mzee fulani. Nimekuja kujiandikisha, na ningependa kujua usafi wa Jumamosi unaanzia wapi.” Sentensi ya mwisho ndiyo itakayokufanya ukumbukwe, maana wengi huja ofisini siku wanapohitaji barua ya utambulisho tu. Kabla ya kuondoka uliza mkutano wa mtaa ujao ni lini na tangazo hubandikwa wapi. Mkazi yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea anaruhusiwa kuingia na kusema. Ukiambiwa kuna malipo yoyote ya serikali, omba namba ya malipo na risiti.

Halafu kuna mjumbe, ambaye wengine humwita balozi wa nyumba kumi. Kwa asili hicho ni cheo cha chama, si cha serikali, lakini katika mitaa ya zamani ya Kariakoo na Gerezani ndiye anayejua nani kafiwa na nani anaoza binti. Msalimie hata kama siasa si jambo lako. Kwenye majengo ya ghorofa ya Upanga na Kisutu mara nyingi nafasi yake inashikwa na kamati ya jengo au msimamizi, na mlinzi wa getini huwa na habari kuliko wote.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Huu ndio mlango mpana. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, na katikati ya mji maduka hutakiwa kusubiri hadi saa 4 asubuhi. Kwa vitendo, kazi ya maana hufanyika kati ya saa 12:30 na saa 3, kabla ya jua kali na kabla fuso za mizigo hazijaziba njia. Ukitokea saa 3 na nusu na ufagio mpya, umechelewa.

Kundi la watu 20 linatosha mtaro wa mita kama 60 hadi 80 ukiwa na vifaa hivi: machepe 6, reki 3, mitaimbo 2, toroli 2, fagio 6, viroba vitupu 60 na glavu za mpira jozi 20. Wanaochimba tope wavae buti. Kandambili haziruhusiwi hata kidogo. Ndani ya mitaro ya mjini kuna vioo, nyembe na sindano. Ongeza dumu la maji safi la lita 20 na sabuni ya kunawia, liwekwe mahali panapoonekana.

Gawa watu mapema: wawili wa mitaimbo wakiinua mifuniko ya zege, sita wa machepe, sita wa kushika viroba na kufunga, wanne wa toroli, wawili wa kuongoza magari na bodaboda. Mfuniko huinuliwa kwa mtaimbo, kisha unawekewa kipande cha mbao chini yake. Usiingize vidole. Mfuniko ukitoka, subiri dakika chache hewa itoke kabla ya mtu kuinama.

Sasa makosa. La kwanza ni kujaza viroba. Kiroba kilichokuwa na mchele wa kilo 50, ukikijaza tope lenye maji kinakaribia kilo 100. Hakiinuliki, kinapasuka, na tope linarudi barabarani. Jaza theluthi moja, funga, weka kando. La pili ndilo linalovunja watu moyo kuliko yote: tope kurundikwa pembeni ya mtaro kusubiri gari ambalo halijaagizwa. Mvua moja inalirudisha lote ndani. Kwa hiyo gari hupangwa kabla ya watu kuitwa. Zungumza na mtendaji tangu Jumatatu kuhusu gari la taka la halmashauri. Akisita, changishaneni mkodi kirikuu (gari dogo la mizigo), au guta mbili za magurudumu matatu kama lundo ni dogo, na mkubaliane na dereva atakwenda kumwaga wapi. Asiyejibu swali hilo vizuri atamwaga bondeni Msimbazi, na maji yatawarudishia wenzenu wa Jangwani.

La tatu ni magari yaliyoegeshwa juu ya mtaro. Pita Alhamisi jioni na Ijumaa jioni, mwambie kila mwenye duka na kila mlinzi, bandika karatasi kwenye nguzo. La nne: mkikuta maji yenye harufu ya choo yanatiririka mtaroni, simamisheni kazi sehemu hiyo na kutoa taarifa DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka, kwa sababu huenda hapo bomba la majitaka limepasuka au kuna aliyejiunganisha kwa siri. Hiyo si kazi ya kujitolea kwa chepe.

Kwa kalenda, usafi wa Februari na ule wa Septemba ndio wa kuwekea nguvu nyingi, kwa kuwa masika huanza Machi na vuli Oktoba. Miezi mingine mnaweza kufagia na kufyeka.

Msiba

Hapa hakuna kualikwa. Ukisikia, unakwenda. Waislamu wengi huzika siku ileile, kwa hiyo usisubiri kutoka kazini saa 11. Nenda mapema, saidia kufunga turubai na kushusha viti, kisha kaa. Rambirambi hutolewa kwa anayeshika daftari, nawe uhakikishe jina lako limeandikwa pamoja na nyumba unayokaa, maana ndivyo wafiwa watakavyokujua baadaye. Kama fedha huna, chota maji au osha vyombo jioni watu wanapopungua. Hiyo ndiyo saa ambayo mikono hukosekana.

Futari ya mtaa

Mwezi wa Ramadhani mitaa mingi hufuturisha pamoja angalau mara moja, Waislamu na wasio Waislamu wakisaidiana. Kwa watu 100 hesabu ni hii: tende kilo 3, uji lita 25 (unga kilo 2 na nusu, sukari kilo 2, pilipili manga kwa kiasi), muhogo au viazi kilo 25 kabla ya kumenya, nazi 20 hadi 25, na maji ya kunywa lita 60. Kisha ongeza sehemu ya watu 25. Katikati ya mji wapo wapagazi, walinzi na madereva wa bajaji ambao adhana huwakuta barabarani. Futari isiyowahesabu huisha kabla mama waliopika hawajaonja.

Muhogo wa sufuria kubwa huchukua saa moja na nusu na zaidi, kwa hiyo moto uwashwe mara baada ya Alasiri. Tende na uji viwe mbele ya watu robo saa kabla ya Magharibi. Wanaopanga mistari wawe na kamba: upande wa wanawake na watoto, upande wa wanaume, na njia ya katikati ya kupitisha sinia. Mgeni asiyejua kupika aombe kazi ya uji. Kumimina vikombe 125 kunahitaji watu wanne, na siku zote huwa amesimama mmoja.

Ukitaka kuandaa shughuli yako

Shiriki kwanza shughuli tatu nne za wengine. Baada ya hapo, iwe bonanza la watoto, soko la vitu vya mkononi au upimaji wa afya, andika barua moja fupi wiki tatu kabla: shughuli ni nini, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali hasa (kutoka nyumba fulani hadi fulani), watu wangapi, nani anawajibika na simu yake. Ipeleke kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata. Ilala iligeuzwa Jiji la Dar es Salaam mwaka 2021, kwa hiyo barua ya ngazi ya juu huandikiwa Halmashauri ya Jiji. Mkutano wa hadhara unataka taarifa ya maandishi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya angalau saa 48 kabla; peleka wiki moja kabla, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kufunga barabara ya mtaa kunahitaji idhini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Muziki wa jukwaani, muone Afisa Utamaduni.

Chagua saa kwa kuwatazama majirani. Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana usiweke kitu, wala Jumapili asubuhi karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu au Azania Front. Spika zizimwe adhana inapoanza, bila kusubiri mtu aje kuomba. Kariakoo, Jumapili alasiri ndiyo nafasi bora: biashara imepungua na watoto wapo.

Kwenye lami turubai halishikiki kwa vigingi, na upepo wa bahari wa alasiri hulibeba. Funga kila mguu kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga, ambayo ina uzito wa kilo 30 hivi. Acha njia ya mita 4 upande mmoja kwa ajili ya gari la zimamoto, na namba yao, 114, iandikwe karibu na meza ya mapokezi. Jenereta ya kilowati 4 inabeba spika, taa na feni chache. Akija mtu kuchomeka birika la umeme la kilowati 2 muziki unakatika, na kila mtu anamlaumu fundi mitambo. Mwambie mwenye chai atumie gesi.

Fedha

Shughuli nyingi za mtaa hazifi kwa kukosa michango. Zinakufa kwa sababu michango iliingia kwenye simu ya mtu mmoja. Chagueni watatu: mmoja anapokea, mmoja anaandika, mmoja ananunua, na wasiwe wa nyumba moja. Fungueni Lipa Namba ya kikundi badala ya namba binafsi. Kila jioni mwandishi atume kwenye kundi la WhatsApp jina, kiasi na jumla mpaka hapo. Anayetoa bila kutaka jina aandikwe “msamaria”, lakini kiasi kionekane. Mkizoea kufanya kazi pamoja, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaelekeza namna ya kusajili kikundi. Usajili huo ndio unaofungua njia ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Shughuli ikiisha, viti vihesabiwe usiku uleule mbele ya aliyevikodisha, si asubuhi, kwa sababu kiti kilichopotea usiku hulipwa na mtaa. Fagieni eneo lote mlilotumia pamoja na hatua kumi kila upande, mbele ya maduka hasa, ili mwenye duka akifungua asikute vikombe. Na ndani ya siku tatu karatasi moja ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya mtaa: zilizoingia, zilizotumika kitu kwa kitu, zilizobaki na nani anazishika.