Kabla Hujameza Dawa, Zifikirie Figo Zako

Dawa nyingi hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, kwa hiyo ni lazima zipitie kwenye figo. Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji. Kikiwamo kitu cha kudhuru kwenye damu, figo hukipata kwa wingi.

Jua kwanza zina hali gani. Kukojoa vizuri si ushahidi wa uzima. Omba kipimo cha damu cha kreatinini, yaani taka inayotolewa na figo, na cha protini kwenye mkojo, kisha uliza kiwango cha uchujaji ni ngapi, kwa sababu kreatinini inaweza kuonekana ya kawaida ilhali karibu nusu ya uwezo wa figo umeshapotea. Mwenye kisukari, presha au umri mkubwa asianze dawa ya muda mrefu bila vipimo hivi.

Kinachonitia hofu zaidi ni dawa za maumivu: ibuprofeni, diklofenaki, naprokseni. Zinauzwa kirahisi, na watu huzimeza wiki baada ya wiki bila kumwambia daktari, maana hawazihesabu kuwa dawa. Mtazame mtu anayetumia losartani ya presha pamoja na kidonge cha kukojoza. Losartani imelegeza kijishipa kinachotoa damu kwenye chujio la figo, kwa hiyo msukumo ndani yake umeshuka. Kidonge cha kukojoza kimempunguzia maji. Mgongo unamuuma, anaongeza diklofenaki, nayo inabana kijishipa cha kuingizia damu. Usiku huo akiharisha, figo zinaweza kushindwa kazi ndani ya siku chache, na wala hasikii maumivu yoyote kiunoni. Mtu kama huyu aulizie parasetamoli kwanza, kwa kipimo chake sahihi.

Basi ukiwa bado mzima, muulize daktari: nikitapika au nikiharisha, dawa zipi nizisimamishe, na nizirudie lini? Usijiamulie mwenyewe.

Ukiandikiwa sindano za antibiotiki za jentamaisini au amikasini, uliza utapimwa tena lini. Hizi hujikusanya kwenye chembe za figo, na madhara mara nyingi hujitokeza baada ya siku 5 hadi 7, wakati mgonjwa anajiona anapona. Anayetumia tenofoviri, dawa ya VVU, asiiache kwa woga. Ahudhurie vipimo vyake tu.

Mitishamba nayo itaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliokunywa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene waliharibika figo, wengi wakaishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye asidi inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo.

Weka dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za kuomba kwa jirani, uende nazo kila unapotibiwa. Na mkojo ukipungua ghafla, miguu au uso ukivimba, au kichefuchefu kikikuandama tangu uanze dawa mpya, nenda siku hiyohiyo, na mfuko mkononi.