Una hepatitis B? Hivi ndo unavyolicheki ini mapema

Saratani ya ini ikiwa ndogo haiumi kabisa, ukisubiri tumbo lijae maji au macho yawe njano umeshachelewa, ndo maana inabidi uifuate wewe. Hii ni kwa wenye hepatitis B au ini lililoshaanza makovu. Na kwa sisi Waafrika wenye hepatitis B usiseme bado kijana, huku kwetu inawapata watu wakiwa na miaka thelathini na kitu.

Cha kufanya: kila miezi 6 piga ultrasaundi ya ini na upime damu AFP. Vyote viwili, siyo uchague.

Hiyo AFP ni protini ambayo ini la mtoto tumboni hutengeneza kwa wingi, akizaliwa jeni yake inazimwa, sasa saratani ikiingia mara nyingi inaiwasha tena. Kwa hiyo ukipima AFP tayari unachungulia jeni iliyoamka, ila kwa mlango wa nyuma. Mimba pia inaipandisha, kwa hiyo kama una ujauzito sema mapema usije ukalia bure.

Majibu yakisoma 20 ng/ml kwenda juu au yanapanda kila ukipima, omba picha ya CT au MRI ya kuchomwa dawa. Hata ikitoka 6, ikaja 11, ikaja 17, usikae kimya eti bado iko nomo. Angalia na yuniti, maabara nyingine zinaandika IU/ml, na IU 1 ni kama ng 1.2, ukichanganya utajitisha mwenyewe. Afadhali urudi maabara ileile. Halafu AFP ikiwa chini siyo cheti cha uzima, vivimbe vingi vidogo haviipandishi, ndo kazi ya ultrasaundi hapo.

Sasa hivi kuna vipimo vipya vya maikroRNA, yaani vipande vidogo vya RNA vinavyotengenezwa kutoka kwenye jeni na kuonekana kwenye damu. China kuna kipimo kimoja kinasoma maikroRNA saba kwa mpigo. Vizuri, lakini maikroRNA moja iitwayo miR-122 kwa mfano inatoka kwenye ini na inapanda hata ini likiumizwa na kirusi tu bila saratani yoyote, kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha maikroRNA moja tu eti kinatosha, weka hela mfukoni ukapige ultrasaundi. Na ukiingia kwenye utafiti wa namna hii, angalia damu iende kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, siyo ya kijani, heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) ya ile ya kijani inaharibu PCR, ile njia ya maabara ya kusoma RNA. Sampuli ikikaa muda mrefu kabla ya kuzungushwa kwenye mashine ya maabara au seli nyekundu zikipasuka, watoe nyingine, usione aibu kuuliza.

Mahindi yenye ukungu nayo usile, hata ukiyapepeta, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikikutana na hepatitis B hatari inazidi mara nyingi.

Tarehe ya miezi 6 weka alamu kwenye simu leo, kadi ya kliniki hupotea.