Kata muhogo uone mzizi unavyonenepa

Mada ya mizizi kunenepa, wanafunzi wangu hapa Muheza huikariri usiku na kuisahau baada ya mtihani. Siku hizi naingia darasani na muhogo, kisu kikali na kichupa cha aiodini ya vidonda. Nawe unaweza kufanya hivyo jikoni.

Tafuta muhogo uliochimbwa leo. Ukikaa siku mbili tatu huanza kuweka michirizi ya bluu, nayo itakuchanganya. Uoshe, kisha kata kipande cha duara, chembamba kadiri kisu kinavyokubali. Usiuonje mbichi, hasa wa aina chungu, maana una sumu ya sianidi.

Anza kutazama nje. Lile gamba la kahawia linalobanduka si ngozi ya kwanza ya mzizi. Ile ilipasuka zamani mzizi ulipotanuka, na hili likaota kuziba pengo. Chini yake kuna ganda nene, jeupe au la waridi, na humo ndimo ilimo floemu inayosafirisha chakula kutoka majanini.

Sasa penyeza ncha ya kisu kati ya ganda hilo na nyama, uvute. Linatoka lote! Hapo ndipo ilipo kambiamu, tabaka la seli changa zenye kuta nyembamba, zinazogawanyika kila mara. Ndiyo maana panaachia kirahisi. Kila anayemenya mihogo ameshaigusa. Seli zinazotolewa kwa nje huwa floemu, za ndani huwa zailemu, yaani sehemu inayopandisha maji. Kwenye muhogo za ndani ni nyingi mno, na sehemu kubwa yake hazigeuki mirija migumu ya maji, zinabaki laini na kujaa wanga. Punguza aiodini kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi, idondoshee kwenye nyama: itageuka bluu nyeusi.

Ule uzi mgumu wa katikati, tunaoutoa kabla ya kula, una zailemu ya mwanzo kabisa, ya tangu mzizi ukiwa mwembamba. Nyama yote iliyouzunguka iliongezwa baadaye.

Ukiwa na shamba, fukua shina moja la miezi mitatu. Utakuta mizizi michache imevimba na mingine imebaki myembamba. Hiyo myembamba ndiyo inayoendelea kunywa maji.

Karoti nayo ijaribu, ila humo sehemu nene ya nje ni floemu, na kiini ndiyo zailemu. Mahindi usihangaike nayo: mizizi yake haina kambiamu, hainenepi hata uimwagie samadi gari zima.